Uvira: saruji inauzwa, udongo haupimwi

Uvira, mashariki mwa Kongo, imebanwa. Magharibi Milima ya Mitumba inapanda zaidi ya mita 2,500, mashariki liko Ziwa Tanganyika, na katikati umebaki ukanda mwembamba uliojengwa na mchanga na mawe ya mito. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia majumbani ufukweni. Anayetafuta kiwanja hutazama mlimani.

Huko mlimani mafundi hukata mteremko, kifusi wakakimwaga upande wa bonde, ukapatikana uwanja. Nyumba ikisimama, nusu imekalia udongo wa asili, nusu imekalia kifusi kisichoshindiliwa. Mvua ikishaingia kifusi kinatitia, na ufa unakata ukuta mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Mwenye nyumba anaongeza saruji juu, wakati kasoro iko chini.

Biashara ya saruji yenyewe ina wenyewe: kuna kiwanda Kabimba, kusini, kando ya ziwa hilihili, na kingine Cibitoke ng'ambo ya mpaka, Burundi. Mawe na mchanga vinatoka mitoni. Upimaji wa udongo ndio usio na duka. Maabara ya taifa ya kazi za ujenzi, chini ya Office des Routes, shirika la barabara, iko Kinshasa, kilomita 1,500 hivi kutoka hapa.

Hata hivyo, wajenzi wa minara ya simu hawana budi kupima. Upepo huusukuma mnara ubavuni, msingi wa upande mmoja ukagandamizwa na wa pili ukavutwa juu. Ndiyo maana wahandisi hutoboa ardhi kwanza, kisha huufunga msingi kwenye mwamba na kuyatafutia maji njia.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe, unaopita Uvira, ulishuka na mawe, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwenye njia ya mto wa namna hiyo hakuna msingi wa nyumba ya kawaida unaotosha. Kipimo cha haki pale kingemwambia mnunuzi asijenge.

Kifaa chepesi cha kupimia kipo: penetrometa nyepesi, fimbo ya chuma inayogongwa kwa nyundo huku mapigo yakihesabiwa, hubebwa na watu wawili. Majirani wa kilima kimoja wanaweza kuchangia gharama. Meya naye angeanza na majengo yanayokusanya watu, shule na zahanati: kibali kisitoke bila karatasi ya udongo.