Kwa Nini Daraja la Mbao Liezekwe

Katika sehemu nyingi za mkoa wa Katavi, Katumba ikiwemo, vijito huvukwa juu ya magogo. Miti miwili mitatu hukatwa porini na kulazwa kutoka ukingo hadi ukingo, vipande vya mbao au matawi hupangwa juu yake, kisha udongo hushindiliwa ili baiskeli na bodaboda zipite bila kurukaruka. Wanakijiji huimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Misimu michache ya mvua ikipita, gogo moja huvunjika, na lawama huenda kwa mti: ulikuwa laini, ulikatwa ukiwa mchanga, mchwa waliuingia. Mimi lawama yangu ya kwanza huielekeza kwenye ule udongo.

Mti huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji hewa, joto na unyevu. Hewa na joto hatuwezi kuvizuia Katavi, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwetu ni unyevu. Mbao ambayo maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Ikipita asilimia 30 na kukaa hivyo kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Mvua iliyonyeshea gogo lililo wazi hukauka jua likitoka. Iliyoingia kwenye udongo huendelea kuligusa gogo kwa majuma. Ndiyo maana gogo la daraja mara nyingi huoza upande wa juu, mahali ambapo mpita njia haoni kitu.

Mafundi wa nchi nyingine walikutana na tatizo hili karne nyingi zilizopita, wakaamua kuliezeka daraja kama nyumba. Mjini Luzern, Uswisi, lipo la karne ya 14. China, katika majimbo ya Fujian na Zhejiang, yapo madaraja ya mbao yenye paa la vigae. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Philadelphia, Marekani. Seremala Timothy Palmer alijenga hapo daraja kubwa la mbao juu ya mto Schuylkill, likafunguliwa mwaka 1805. Richard Peters, jaji aliyeongoza kampuni iliyolimiliki, alitaka liezekwe na ubavu wake uzibwe kwa mbao. Palmer aliunga mkono, ingawa wapo waliomwambia kwamba anajiharibia riziki, maana daraja likioza upesi fundi huitwa tena. Alikadiria kwamba likiachwa wazi lingeharibika baada ya miaka 10 au 12. Likifunikwa vizuri, lingefika 30, pengine 40. Lilifunikwa, likatumika hadi katikati ya karne ya 19, ndipo likajengwa upya ili reli ipite. Jimbo la Vermont peke yake bado lina zaidi ya madaraja 100 ya aina hiyo, na la Hyde Hall, jimboni New York, limesimama tangu 1825.

Ukiona picha za madaraja hayo ni rahisi kudhani kwamba paa liliwekwa kumkinga msafiri na mvua. Anayekingwa hasa ni kenchi. Kila ubavu wa daraja ni kenchi kubwa iliyosimama wima, ina vipande vingi na maungio mengi, na kila ungio lina tundu la msumari au boliti ambalo maji huingia na kukaa. Mwaka 1820 Ithiel Town alisajili muundo uliorahisisha kuijenga kenchi hiyo: mbao nyembamba hupishanishwa kama wavu na kufungwa kwa vigingi vya mti, bila mihimili mikubwa. Seremala wa kawaida wa kijijini aliweza kuujenga. Nikiutazama muundo huo nafikiria misitu yetu ya miombo. Mninga na mkora huhimili mchwa na kuoza, ila miti yake mikubwa imekuwa adimu na ghali. Mtundu umejaa, lakini huoza upesi ukiloa. Mbao fupi na nyembamba zinaweza kufanya kazi kubwa, kwa sharti zikae pakavu.

Maarifa ya kuezeka tunayo. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, na wengi wa familia hizo leo ni raia wa Tanzania. Waliligeuza pori kuwa vijiji na mashamba. Mkulima wa huko hahitaji kufundishwa kwamba kihenge cha mahindi huinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa paa lililochomoza nje ya kuta. Daraja linastahili uangalifu huohuo.

Sisemi kila daraja lipewe paa. Barabara ya malori ya tumbaku na mahindi inahitaji zege au mawe, na madaraja ya mawe yaliyojengwa Kigoma yameonyesha kwamba yanawezekana kwa gharama nafuu. Paa la bati linafaa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda, njia ambayo mtoto huipita kwenda shule na mama huipita kwenda zahanati. Kenya, katika miaka ya 1970, ilibuniwa njia ya kati kwa ajili ya magari: daraja la vipande vya mbao vinavyounganishwa papo hapo, kenchi zikiwa chini na sakafu juu yake. Sakafu huharibika kwanza, nayo hubadilishwa bila kuzigusa kenchi.

Asiye na fedha ya paa zima aezeke kila mhimili peke yake. Ukanda wa bati pana kuliko mhimili, uliokunjwa kingo zishuke pembeni, huwekwa juu yake kabla ya sakafu kupigwa. Mbao za sakafu ziachiane nafasi ya kidole ili maji yadondoke na upepo upite. Udongo usiwekwe kabisa. Oili chafu ambayo mafundi wengi huipaka haipenyi ndani vya kutosha; haiwezi kuchukua nafasi ya paa wala ya dawa iliyoingizwa kiwandani.

Moto nao ni adui wa kweli. Daraja la Luzern liliungua sehemu kubwa mwaka 1993, na lile la Wan'an, Fujian, mwaka 2022. Kwetu moto wa porini huanza nyasi zikikauka, kwa hiyo pande zote mbili za daraja zifyekwe kabla ya Juni kwisha. Siku hiyohiyo ya kufyeka, mtu mmoja ashuke chini na bisibisi, achome mihimili pale inapokalia ukingo na kuzunguka kila boliti. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, mhimili huo ubadilishwe kabla ya mvua za Novemba.