Oili ya Haidroliki na Giaboksi kwa Mashine za Pwani

Oili ya haidroliki haina kazi ya kulainisha vyuma peke yake. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu kutoka kwenye pampu hadi kwenye silinda, ikapoza mitambo na kusukuma uchafu hadi kwenye filta. Foklifti ikiinua kontena Kilindini, au tipa ikimwaga mchanga kwenye kichochoro cha Bondeni, uzito wote umeegemea mafuta hayo.

La kwanza kutazamwa ni mnato. Pipa huandikwa ISO VG 32, 46 au 68, na namba hiyo ni mnato kwa sentistoki oili ikiwa na joto la nyuzi 40. Oili nyepesi mno huvuja ndani kwa ndani ya pampu, mkono wa mashine ukalegea. Nzito mno huichosha pampu na kula dizeli. Mombasa hakuna asubuhi ya baridi kali. Kwa hiyo oili ya daraja la HV, iliyotengenezwa kustahimili joto linalopanda na kushuka sana, mara nyingi ni pesa za bure kwa mashine isiyotoka kisiwani. HM ya kawaida, yenye viungo vya kuzuia vyuma kulika, hutosha kama kitabu cha mashine kinairuhusu. Mashine itakayopelekwa kwenye baridi ya Limuru au Timboroa hesabu yake ni nyingine.

Giaboksi haisamehi ubahili wa namna hiyo. Klachi zake nyingi hufanya kazi zikiwa zimezama ndani ya oili, na zinahitaji mshiko wa kipimo maalumu. Ikitiwa oili ya injini yenye viungo vya utelezi, klachi huteleza na kuungua. Ndiyo sababu ya kuwepo viwango kama TO-4 cha Caterpillar na C-4 cha Allison. Oili ya daraja la GL-5 nayo, nzuri kwa difu, yaweza kula shaba nyeusi ndani ya baadhi ya giaboksi.

Bei ya pipa hudanganya. Tuseme pipa la shilingi 60,000 linabadilishwa kila saa 1,000 za kazi, na la shilingi 85,000 kila saa 2,000. La kwanza hugharimu shilingi 60 kwa saa, la pili 42 na senti 50, na hapo filta na siku ya mashine kusimama hazijahesabiwa.

Hata hivyo, oili bora kabisa huharibikia stoo, hasa pwani. Pipa likisimamishwa nje, mvua hutuama juu ya kifuniko. Mchana mafuta hupanuka, usiku yanapopoa husinyaa, na maji yanavutwa ndani kupitia vizibo hata vikiwa vimekazwa. Dawa yake ni kulilaza pipa kivulini, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja na chini ya kimo cha mafuta, yaani vimelowa muda wote. Tangi la mashine nalo huvuta hewa yenye unyevu, hivyo kichujio chake cha hewa hakifai kusahauliwa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa tayari ina maji mengi. Maji machache zaidi hugunduliwa kwa kudondoshea tone kwenye bati la moto, kwa tahadhari: likichachatika, mafuta hayo hayafai kuingia kwenye mashine.