Nani Hutengeneza Programu ya Kompyuta?

Kompyuta haijui lolote ila lile iliyoamriwa kulitenda. Mfuatano wa amri hizo ndio uitwao programu. Programu inapoharibika, wengi hudhani kwamba kosa ni la hesabu. Aghalabu kosa huwa katika jinsi watengenezaji walivyogawana kazi, na jinsi walivyomsikiliza mtumiaji.

Msomaji na achukue mfano wa zahanati ya kijiji katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti. Mganga huandika wagonjwa wake katika madaftari ya MTUHA. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na hesabu hizo huingizwa katika kompyuta. Wakuu wa afya huzitazama wanapopanga kazi na mahitaji. Ikiwa programu haina nafasi ya jambo analoliona mganga kila siku, mganga atakisia au ataacha wazi. Hapo mipango haitalingana na wagonjwa, na mama aliyembeba mtoto mwenye homa ndiye atakayepata hasara.

Wingi wa watu si dawa

Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa sababu programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama na kujaa makosa. Tanzania nayo ilionja taabu za kompyuta mapema: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini.

Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya kampuni ya IBM, alieleza kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni hawana budi kufundishwa na wale wale wenye kazi. Tena, watu 3 wana njia 3 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Wahenga walikwisha sema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mtumiaji naye ni fundi

Huko Norwe, Kristen Nygaard, aliyebuni lugha ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl katika miaka ya 1960, alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fikra yake ilikuwa kwamba atakayetumia chombo ashiriki kukibuni. Fikra hiyo iliwaongoza wataalamu wa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo walipoanza, mwaka 1994, kazi iliyozaa programu ya afya ya DHIS. Toleo lake la pili, DHIS2, lilienea Tanzania nzima kufikia mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi hiyo.

Faida yake yaonekana Kibiti. Wilaya hiyo ilipotengwa na Rufiji katika miaka ya 2010, vituo vyake vilipata wilaya mpya. Katika DHIS2 ngazi za utawala huhifadhiwa kama taarifa, wala si kama amri. Kwa hiyo badiliko la namna hiyo halilazimu programu kuandikwa upya.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi watano wabuni programu ya maktaba ya shule. Kabla ya kuandika amri hata moja, wakae siku nzima na mtunza vitabu. Kisha watengeneze sehemu moja ndogo, mwenzao asiyeiandika aikague, na mtunza vitabu aijaribu. Atakapokwama, wasimlaumu, waandike mahali alipokwama, na hapo ndipo waanzie kazi ya kesho.