Wagombea wa uongozi wa seneti ya wanataaluma (Marekani)

Mgombea wa uongozi wa seneti ya wanataaluma ni mwalimu wa chuo kikuu anayeomba kuchaguliwa na walimu wenzake ili aongoze chombo kinachowawakilisha katika uendeshaji wa chuo. Nchini Marekani uchaguzi huu ni sehemu ya utawala shirikishi, yaani mpango ambao madaraka ya chuo hugawanywa kati ya bodi ya wadhamini, rais wa chuo na wahadhiri. Nafasi kuu inayogombewa ni uenyekiti wa seneti. Nyingine ni makamu mwenyekiti, katibu na ujumbe wa kamati za kudumu.

Kwa kawaida mwenyekiti wa seneti haajiri mtu wala hagawi bajeti ya chuo. Uzito wa nafasi yake unatokana na kwamba wahadhiri wenyewe ndio waliomweka. Kwa sababu hiyo swali la nani amchague limeleta mabishano mara kwa mara, kuanzia California mwaka 1920 hadi Texas mwaka 2025.

Tofauti na seneti za Afrika Mashariki

Neno "seneti" lina maana tofauti kidogo katika vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda. Huko seneti ni chombo cha juu cha masuala ya taaluma, na mwenyekiti wake ni mkuu mtendaji wa chuo, anayeitwa Makamu Mkuu wa Chuo nchini Tanzania na Naibu Chansela nchini Kenya. Anaongoza kwa sababu ya cheo chake, hivyo uenyekiti haugombewi. Mfumo huo ulitokana na vyuo vya Uingereza.

Katika vyuo vingi vya Marekani seneti husimama kando ya ofisi ya rais wa chuo. Rais anaweza kuhudhuria na kutoa taarifa, lakini ajenda hupangwa na viongozi waliochaguliwa na wahadhiri.

Msingi wa utaratibu

Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani kilianzishwa mwaka 1915, na rais wake wa kwanza alikuwa mwanafalsafa John Dewey. Mwaka 1966 chama hicho, pamoja na Baraza la Elimu la Marekani na umoja wa bodi za vyuo, kilitayarisha tamko kuhusu utawala wa vyuo. Tamko hilo linaiachia bodi mamlaka ya mwisho na usimamizi wa mali, na linampa rais kazi ya utekelezaji. Wahadhiri wanapewa wajibu wa kwanza katika mitaala, mbinu za kufundishia, utafiti, na maamuzi ya kuajiri na kupandisha vyeo walimu.

Tamko linasema pia kwamba wawakilishi wa wahadhiri wachaguliwe na wahadhiri, kwa taratibu zilizowekwa na wahadhiri wenyewe. Kwa wakuu wa idara linakubali njia mbili: kura ya wanaidara, au uteuzi unaofanywa baada ya kushauriana nao. Tamko hili si sheria ya nchi. Lina nguvu pale tu chuo kinapoziingiza kanuni zake katika katiba au taratibu zake.

Sifa za wagombea

Sifa za mgombea hutajwa katika katiba ya seneti, nazo hutofautiana kati ya chuo na chuo. Mara nyingi mgombea anatakiwa awe mwalimu wa muda wote aliyewahi kuwa mjumbe wa seneti au wa kamati zake. Vyuo vingi hutaka pia awe na ajira ya kudumu. Sababu yake ni kwamba mwenyekiti huenda akalazimika kumpinga rais wa chuo hadharani, na mwalimu mwenye ajira ya kudumu hawezi kufukuzwa bila kosa lililothibitishwa au sababu nyingine nzito iliyotajwa katika kanuni.

Sharti hili lina kasoro yake. Walimu wengi wa vyuo vya Marekani siku hizi wako kwenye mikataba ya muda au wanalipwa kwa kozi moja moja. Wanafundisha sehemu kubwa ya wanafunzi, lakini katika vyuo kadhaa hawawezi kugombea, au wametengewa viti vichache tu.

Wakuu wa vitivo pia huzuiwa au hutiliwa shaka, kwa kuwa wameteuliwa na uongozi na wanaweza kuondolewa nao. Mtu wa namna hiyo angekuwa anatumikia pande mbili.

Hatua za uchaguzi

Kwa kawaida uchaguzi hupitia hatua zifuatazo:

1. Kamati ya uteuzi hukusanya majina. Mwalimu anaweza kujipendekeza au kupendekezwa na wenzake.
2. Anayependekezwa huulizwa kama anakubali, na kamati huhakiki sifa zake.
3. Kila mgombea huandika maelezo mafupi kuhusu idara yake, kamati alizotumikia na mambo atakayoyapa kipaumbele.
4. Katika baadhi ya vyuo hufanyika kikao ambapo wagombea huulizwa maswali.
5. Kura za siri hupigwa, siku hizi mara nyingi kwa mtandao. Kuna vyuo ambako wahadhiri wote hupiga kura, na vingine ambako wajumbe wa seneti pekee ndio hupiga.

Vyuo vingi humchagua kwanza makamu, ambaye mwaka unaofuata huwa mwenyekiti. Ndivyo ilivyo katika seneti kuu ya Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi 10. Kila mwaka mkutano wa wawakilishi humchagua makamu mwenyekiti, naye hushika uenyekiti mwaka wa pili. Wote wawili huketi katika vikao vya bodi ya wasimamizi wa chuo, ambapo huruhusiwa kuzungumza lakini hawapigi kura.

Tatizo la kawaida ni uhaba wa wagombea. Kazi ya seneti hula muda wa utafiti, na utafiti ndio unaopimwa zaidi mwalimu anapoomba kupandishwa cheo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya chaguzi huwa na mgombea mmoja tu. Ili kupunguza mzigo huo, vyuo vingine humpunguzia mwenyekiti vipindi vya kufundisha au humlipa posho.

Kazi na mipaka

Mwenyekiti hupanga ajenda, huongoza vikao, hufuatilia kazi za kamati na hukutana na rais wa chuo mara kwa mara. Pia hueleza msimamo wa wahadhiri mbele ya bodi, hata kama yeye binafsi ana maoni tofauti.

Maamuzi mengi ya wahadhiri hayaibani bodi kisheria, lakini yanaweza kuwa na athari kubwa. Mwezi Machi 2005 wahadhiri wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard walipiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo, Lawrence Summers, kwa kura 218 dhidi ya 185. Kura hiyo haikumwondoa kazini, ila mwezi Februari 2006 alitangaza kwamba atajiuzulu.

Mfano wa California

Sheria iliyoanzisha Chuo Kikuu cha California mwaka 1868 iliunda pia seneti ya walimu. Hata hivyo, kwa miaka mingi madaraka yalikuwa mikononi mwa rais wa chuo, hasa chini ya Benjamin Ide Wheeler aliyeongoza kuanzia 1899 hadi 1919. Wheeler alipostaafu, walimu wa Berkeley walidai mabadiliko, na mwaka 1920 bodi ya wasimamizi ilikubali seneti ijichagulie mwenyekiti na kamati zake. Rais alitakiwa pia kushauriana na wahadhiri kuhusu uteuzi na upandishaji vyeo wa walimu. Tukio hilo hujulikana kama Mapinduzi ya Berkeley.

Kuanzia hapo seneti ilikuwa na sauti yake, lakini sauti hiyo haikushinda kila mara. Mwaka 1949 bodi iliwataka walimu waape kwamba si wakomunisti, na mwaka 1950 iliwafukuza walimu 31 waliokataa kutia saini, miongoni mwao mwanasaikolojia Edward Tolman. Mwaka 1952 Mahakama Kuu ya Jimbo la California iliamuru warudishwe. Tarehe 8 Desemba 1964, wakati wa mgogoro wa wanafunzi kuhusu uhuru wa kusema, seneti ya Berkeley iliunga mkono madai yao kwa kura 824 dhidi ya 115.

Mabishano ya karibuni

Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Chuo Kikuu cha Yeshiva kwa kura 5 dhidi ya 4. Ilisema walimu wa chuo hicho cha binafsi walikuwa na madaraka makubwa katika uendeshaji kiasi cha kuhesabiwa kuwa mameneja, hivyo sheria ya vyama vya wafanyakazi haikuwalinda. Kwa hukumu hiyo, kushiriki katika utawala kuligeuka kuwa sababu ya kunyimwa haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia chama.

Mwaka 2024 bodi ya Chuo Kikuu cha Kentucky iliiondoa seneti iliyokuwa na mamlaka juu ya kanuni za taaluma na kuweka chombo cha kushauri tu. Mwaka 2025 jimbo la Indiana lilipitisha sheria inayofanya maamuzi ya wahadhiri katika vyuo vya umma kuwa ushauri. Mwaka huohuo Texas iliamua kwamba katika vyuo vyake vya umma ni bodi pekee inayoweza kuunda seneti, na kwamba mwenyekiti, makamu na katibu wake huteuliwa na rais wa chuo.

Wanaounga mkono sheria hizo husema bodi ndiyo inayowajibika kwa wananchi kuhusu fedha za umma. Wanaozipinga hujibu kwamba mwenyekiti aliyewekwa na rais hawezi kumweleza rais yale ambayo rais hapendi kuyasikia.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Kwa kuwa mwenyekiti wa seneti hachaguliwi, sauti huru ya walimu katika Afrika Mashariki imetoka zaidi kwenye jumuiya na vyama vyao, ambavyo huchagua viongozi kwa kura. Mfano ni jumuiya ya wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDASA. Mwaka 1990 jumuiya za wanataaluma nchini Tanzania zilitoa Tamko la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, likidai vyuo vijitawale kwa njia ya kidemokrasia na kwa ushiriki wa wanajumuiya wake.

Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Linasema walimu hao wawe na haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi katika vyombo vya taaluma vya chuo chao.