Shoka Si Hati ya Pori

Ukitoka Kasongo kwenda Kabambare, hapa Maniema, mashariki mwa Kongo, unaona pori na nyasi vikipishana njia nzima. Msitu mzito umeshikilia bonde la Luama na vijito vyake. Miinukoni ni nyasi, mpunga na muhogo. Mpita njia akiona muhogo anajua shamba lina mwenyewe. Akiona pori, anadhani halina.

Dhana hiyo imeangusha miti mingi. Kwa mila za vijiji vingi, anayefyeka pori la kwanza ndiye mwenye mahali pale, yeye na wajukuu wake. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1973: ardhi yote ni mali ya serikali, na haki za wanavijiji zitaelezwa baadaye kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Mwanakijiji akabaki na hati moja tu, kisiki. Akisikia kwamba kuna mgeni anakuja na karatasi kutoka Kinshasa, anawahi kufyeka.

Sasa mfikirie Mtwa, mmoja wa Batwa, watu wa asili wa msitu. Anaishi kwa asali, nyama, uyoga, viwavi na mizizi ya dawa. Anajua mti gani una nyuki na wazee wake wamezikwa wapi, lakini hakuacha kisiki. Mkulima akimtazama, na karani akimtazama, wote wanamwona hana kitu. Aliyelitunza pori bila kulikata ndiye anayekosa ushahidi kwamba ni lake. Huo ni udhalimu, na ni hasara kwetu sote tunaotegemea mvua ya msitu huu.

Dawa ipo katika sheria zetu wenyewe. Kifungu cha 22 cha sheria ya misitu ya 2002 kinaruhusu jamii kupewa msitu inaoumiliki kimila. Amri ya 2 Agosti 2014 ikaeleza utaratibu: hadi hekta 50,000, bure, bila kikomo cha muda. Hapo ndipo penye uzito, maana jamii haitakiwi kufyeka ili ithibitishe haki yake. Inatakiwa kuonyesha ramani, na kueleza inavyoutumia msitu tangu enzi za mababu. Kisha sheria ya 15 Julai 2022 ikawatambua Batwa na ndugu zao, pamoja na haki yao juu ya ardhi wanayoitumia tangu zamani.

Kazi ngumu ni ramani. Batwa wengi hawana chifu anayetambuliwa na serikali, kwa hiyo ombi huandikwa kwa jina la kijiji cha wakulima, nao huingizwa kama wageni waalikwa. Ramani ya namna hiyo inahamisha dhuluma kutoka porini hadi kwenye karatasi. Batwa wenyewe watembee mbele, wanaume na wanawake, wakitaja kambi, makaburi, vijito na miti ya asali. Mwenye kipimo afuate nyuma akiandika. Haki ikishapotea hurudi polepole: Batwa jirani zetu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega walitolewa msituni miaka ya 1970, na ni mwaka 2024 tu ndipo ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba haki zao zilivunjwa. Karibu miaka hamsini!

Tusidanganyane kuhusu dhahabu. Hati ya msitu haigusi kilicho chini ya mizizi. Madini ni ya serikali. Namoya, huku Kabambare, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na vurugu za Salamabila, karibu na mgodi huo, tunazijua. Hata hivyo jamii yenye hati inakaa mezani ikiwa na kitu mkononi. Isiyo nayo husikia habari mashine zikishafika.

Ombi la msitu likikamilika huenda Kindu, makao makuu ya mkoa, kwa gavana. Kabla halijafungwa, lisomwe kwa sauti kambini, jina kwa jina, na bibi kizee anayejua kijito aulizwe kama ndivyo anavyokiita.