Vijidudu Vinavyokula Sumu ya Baruti

Ewe mkulima, ukichimbua biwi lako la samadi asubuhi ya baridi, pale Keroka au Nyansiongo, utaona mvuke ukitoka. Joto lile latoka kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula mabua, majani ya migomba na kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya namna hiyo vimekwisha kutumiwa kula hata sumu ya mabomu.

Huko Umatilla, katika jimbo la Oregon, Marekani, jeshi lilikuwa likiosha baruti ndani ya makombora kwa maji ya moto, miaka ya 1950 na 1960, na maji yale yakamwagwa mashimoni. Baruti iitwayo TNT ikashika udongo. Nyingine, RDX, ikashuka hata maji ya chini ya ardhi. Katika miaka ya 1990 udongo ule ulichanganywa na samadi, unga wa mbao na mabaki ya viazi, ukapangwa matuta na kupinduliwa mara kwa mara. Baada ya majuma machache TNT ilikuwa karibu kwisha. Vijidudu huivunja-vunja, na mabaki yake hushikamana na mboji hata mvua isiyakokote.

Lakini risasi na madini mengine ya sumu havili. Wala havifai neno kwa kombora lisilolipuka. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai walioumizwa na mabaki ya mazoezi ya kijeshi. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse. Mwite chifu au polisi.

Kwetu Kisii na Nyamira hatuna viwanja vya mabomu, na mawe ya Tabaka huchimbwa kwa mikono, maana baruti ingeyapasua. Lakini mahali popote mawe ya barabara yanapopasuliwa kwa baruti, naitreti yaweza kubaki na kuteremka na mvua. Naitreti hiyo hiyo imo katika mbolea ya CAN, na hutoka pia chooni na zizini. Mtoto mchanga akinywa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kuchukua hewa, naye hugeuka rangi ya samawati. Tena kuyachemsha maji hakuiondoi; huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki.

Hapa ndipo kinamasi cha bondeni kinapofaa. Katika tope lisilo na hewa, chini ya matete, vijidudu huigeuza naitreti kuwa gesi isiyo na madhara, ikapanda hewani. Mtu akikausha kinamasi apande mikalitusi, amewanyima majirani wa chini chujio lisilolipiwa hata senti.

Basi acha ukanda wa matete na nyasi kati ya shamba na kijito. Weka choo na zizi mbali na chemchemi, upande wa chini yake. Na ikiwa pana machimbo juu ya chemchemi yenu, ombeni ofisi ya maji ya kaunti iyapime maji kabla ya kumpa mtoto mchanga.