Ukimpinga Anayeshinda, Nani Anakula?

Boom likiingia, kuanzia Iyunga hadi Mkwawa, hosteli zinaongea mikeka. Na siku hizi kuna wajanja wanasema: "Kila mtu anaipa Yanga, mimi naipinga. Hela iko kwa wachache." Hoja ina mvuto, hebu tuikague.

Mfano uko hapahapa kwetu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikuja Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu ikashinda 2-1. Aliyeipinga Yanga siku ile alikula. Je, ina maana kupinga kunalipa?

Tuanze na mchezo ambao hesabu yake iko wazi: krapsi, mchezo wa dadu mbili kwenye kasino. Mmoja anarusha, walioizunguka meza wanachagua kumuunga mkono au kumpinga. Akianza na jumla ya 7 au 11, kashinda. Akianza na 2, 3 au 12, kashindwa. Ikitoka namba nyingine, inabidi airudie kabla 7 haijatoka. Ukipiga hesabu zote, katika kila michezo 495, kwa wastani mrushaji anashinda 244 na kushindwa 251. Basi anayempinga si angetajirika?

Mwenye meza aliliona hilo zamani. Ikianza 12, mrushaji anapoteza, lakini aliyempinga halipwi. Anarudishiwa hela yake tu. Kasheria hako kadogo kanageuza kila kitu. Kwa kila shilingi 10,000 zinazowekwa, kasino kwa wastani inabaki na kama 141 za anayemuunga mkono mrushaji, na 136 za anayempinga. Wote wanakatwa.

Kwenye mkeka hakuna 12, kuna odi. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa kabisa. Odi ya haki ni 2.00 kila upande. Wewe ukipewa 1.90, ukiweka 10,000 wastani wa kurudi ni 9,500, uchague upande wowote ule. Sasa unganisha mechi 10 za hivyo kwenye mkeka mmoja: 0.95 inajizidisha mara kumi, na wastani wa kurudi unashuka hadi kama 6,000. Hapo kodi ya ushindi bado.

Kwa hiyo aliyeipa Ihefu alikula kwa sababu Ihefu ilishinda, siyo kwa sababu kupinga ni mbinu. Makato yalishawekwa ndani ya odi kabla mpira haujaanza.

Sisi walimu tarajali hili linatuhusu mara mbili. Wanafunzi wa kidato cha nne watatuuliza, na hesabu ya kuwajibu tunayo. Halafu boom lenyewe ni mkopo: utaurudisha wote, pamoja na ile elfu nne iliyobaki kwa mwenye meza.